SAFARI YA RAMANI: Dalyan, mji wa mto, makaburi ya mwambani na ufukwe wa kasa

Kwetu sisi walimu wenu wa kujitolea chaki bado iko mkononi, ingawa mvua za mwezi huu zimetoboa turubai la darasa la tano na sasa tunafundisha madarasa mawili chini ya paa moja. Ukisikia darasa la tano wanajibu maswali ya darasa la sita, usishangae.

Wale wanaofuata ukurasa huu wanajua desturi yetu. Kila mwezi tunafungua ile atlasi iliyotoka jalada, mtoto mmoja anafumba macho na kuweka kidole, na pale kidole kinapoangukia ndipo tunaposafiri. Hatuna kibali cha kutoka, hatuna nauli, lakini ramani haiulizi mambo hayo. Mwezi huu kidole cha msichana mmoja wa darasa la sita kiliangukia Uturuki, kusini-magharibi kabisa, pale nchi kavu inapokutana na bahari ya Mediterania. Mwenzetu mwenye simu inayofungua intaneti akatafuta picha na habari, tukasoma pamoja, tukapata mji mdogo uitwao Dalyan.

Kabla hatujaondoka, kuna jambo lazima tuliseme. Katika mkutano wa wazazi uliopita mama mmoja alisimama nyuma akasema: "Walimu, ninyi mnawafundisha watoto wetu kutamani. Mnawaonyesha bahari na hoteli, kesho wanatoroka usiku. Wa kwangu alitoroka." Kisha akakaa. Watu walinyamaza, maana wengi tunamjua kijana wake, tumecheza naye mpira. Aliondoka na watu waliomwambia ati Uturuki ni mlango wa Ulaya, kufika pale ni kazi ndogo. Mpaka leo mama hajapata simu.

Siku ile hatukuweza kumjibu. Tuliahidi kujibu kwenye ukurasa huu. Na kumbe kidole cha mtoto kikaenda kuangukia nchi ile ile! Baadhi yetu walisema tuchague mji mwingine. Tulibishana jioni nzima, mwishowe tukakubaliana kwamba kuficha ramani si jibu. Basi twendeni, ila twende macho wazi.

Njia ya kwenda

Hebu chukueni uzi. Wekeni ncha moja Kigoma, nyoosheni moja kwa moja kwenda juu, kaskazini. Uzi unapita Burundi, unapita Rwanda, unagusa mpaka wa Kongo na Uganda, unaingia Sudan Kusini, Sudan, Misri, unatokea karibu na Alexandria, unavuka bahari, na unapogusa nchi kavu upande wa pili, Dalyan iko pembeni yake tu. Watoto walipiga kelele darasani. Walidhani Uturuki iko huko mbali upande wa kushoto au kulia, kumbe iko juu yetu! Hata saa ni moja. Tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi tena saa zake wakati wa baridi, kwa hiyo kengele yetu ya saa nne ikilia hapa, na kule Dalyan ni saa nne vile vile.

Lakini usidanganywe na uzi. Tulipima kwa rula na kipimo cha ramani: ni zaidi ya kilomita 4,500, tena kwa njia ya ndege asiyegeuka popote. Katikati kuna jangwa la Sahara na bahari nzima.

Mtalii wa kawaida hapiti njia ya uzi. Anapanda ndege mpaka uwanja wa Dalaman, kisha gari kama nusu saa. Anapita mashamba ya michungwa na mikomamanga na pamba, halafu anaona mto.

Mto wenye mlango wa samaki

Dalyan ni mji wa mto kwanza, mambo mengine yanafuata. Nyuma yake kuna ziwa liitwalo Köyceğiz. Maji ya ziwa hilo yanatoka polepole, yanapita mbele ya nyumba za mji, yanajipinda pinda kwenye matete, kisha yanaingia baharini. Matete ni mengi mno, yanafanya vichochoro vya maji, hata mgeni akipewa mtumbwi peke yake anaweza kupotea. Mzee mmoja tuliyemwonyesha picha alisema: "Hii ni kama Ruzizi inapoingia ziwani karibu na Uvira." Alishika ile simu muda mrefu.

Jina lenyewe la mji linaeleza kazi ya watu wake. Kwa Kituruki neno dalyan ni uzio wa kutegea samaki. Samaki wanaishi ziwani, na wakati wa kuzaa unapofika wanashuka kwenda baharini. Wavuvi wameweka uzio wenye milango ukikata mto. Wakati fulani unafungwa na samaki wanakusanywa, wakati mwingine unafunguliwa ili wengine wapite wakazae. Uvuvi huo unasimamiwa na ushirika wa wavuvi. Hapo wazee wetu wavuvi watatuelewa: ukila wote leo, kesho utakula matete.

Kwenye mto huo huo anaishi kobe wa maji mwenye gamba laini kama ngozi na pua ndefu kama filimbi. Huyu ni ndugu yetu kabisa. Kobe wa aina hiyo anapatikana mto Nile, Ziwa Turkana, na mpaka mito ya Kongo. Lini alifika Uturuki, nani alimpa kibali, yeye hakuulizwa!

Watalii wanatembezwa kwa mashua zenye kivuli. Asubuhi wengi wanapelekwa kwenye chemchemi za maji moto na madimbwi ya matope karibu na ziwa. Wanavua viatu, wanaingia kwenye tope, wanajipaka kichwa mpaka mguu, wanakaa juani mpaka likauke, ndipo wanaoga. Wanasema tope linalainisha ngozi. Na wanalipa pesa! Watoto wa darasa la nne walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Jamani, sisi hapa masika yakianza tunapakwa tope bure kila asubuhi tukienda kuchota maji, na hakuna aliyewahi kutuita watalii.

Nyumba za wafu juu ya mwamba

Ukisimama ukingoni mwa mto, upande wa mji, tazama ng'ambo. Kuna mwamba mrefu uliosimama wima, na katikati ya mwamba huo kuna milango na nguzo kama za kanisa kubwa. Hakuna nyumba nyuma yake. Ni makaburi. Yalichongwa ndani ya jiwe lenyewe yapata miaka 2,400 iliyopita, kwa ajili ya wakubwa wa mji wa kale. Ndani ni chumba kidogo chenye vitanda vya mawe vya kulaza maiti.

Kaburi moja, kubwa kuliko mengine, halikumalizika. Sehemu ya juu imechongwa vizuri, sehemu ya chini bado ni mwamba mtupu. Kwa sababu ya kaburi hilo watu wa leo wameweza kujua mafundi walivyofanya: walianza juu wakashuka, ili mawe yanayodondoka yasivunje kazi iliyokwisha. Mwalimu wetu wa hesabu alifurahi sana. Anasema mwanafunzi asifute njia akiacha jibu tu. Hata kazi ambayo haikumalizika inafundisha.

Usiku makaburi yanamulikwa taa na watu wanakula chakula cha jioni wakiyatazama. Kwetu kula huku unatazama kaburi si jambo la kawaida, lakini kila nchi na desturi zake.

Bandari iliyoachwa na bahari

Sasa panda mashua ndogo ya makasia, vuka mto, tembea kama nusu saa kwa miguu. Utafika Kaunos, mji wenyewe wa wale waliozikwa mwambani. Leo ni magofu. Kuna ukumbi wa michezo uliochongwa kwenye kilima, ngazi za mawe za kukaa watu kama 5,000. Kuna bafu kubwa la wakati wa Warumi, kanisa la zamani, na chemchemi iliyoandikwa ukutani sheria za ushuru wa bandari. Maana Kaunos ilikuwa bandari. Meli zilikuja kuchukua chumvi, samaki wa chumvi, tini zilizokaushwa, na hata watumwa. Tusifiche hilo, mawe mazuri hayana maana kwamba kila mtu aliishi vizuri.

Tini za Kaunos zilijulikana mbali. Mwandishi wa Roma aitwaye Cicero alisimulia kwamba jenerali Crassus alipokuwa akipakia jeshi lake melini kwenda vitani mashariki, mchuuzi mmoja bandarini alikuwa akitangaza tini zake: "Cauneas! Cauneas!" Kwa Kilatini sauti hiyo inakaribiana na maneno ya kumwambia mtu "jihadhari, usiende". Crassus alienda, na mwaka 53 kabla ya Kristo aliuawa huko. Cicero mwenyewe hakuamini ndoto na ishara, aliona ni mchuuzi tu anauza tini zake. Tunawaachia nyumbani mjadiliane.

Kilichoua Kaunos si vita. Ni matope na mbu. Mto ulileta udongo kila mwaka, kidogo kidogo, bandari ikajaa, bahari ikasogea mbali. Leo ile bandari ni ziwa dogo lenye matete, na bahari iko kilomita kadhaa kutoka hapo. Maji yaliyosimama yakazaa mbu. Tangu zamani watu wa Kaunos walisifika kwa kuugua. Kuna kisa cha mwanamuziki mmoja aliyewatania kwa rangi yao ya kijani kama majani. Walipokasirika kwamba ameuita mji wao mji wa wagonjwa, akawajibu: nitathubutuje kusema hivyo, mahali ambapo hata maiti wanatembea barabarani? Watu walidhani shida ni joto na kula matunda mengi. Ilikuwa mpaka mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross alipoonyesha kwamba malaria inapita kwa mbu. Wenyeji wa Kaunos hawakujua adui yao ni nani. Sisi tunajua, na bado kuna watu hapa kambini wanafanya chandarua kuwa uzio wa mchicha. Mtusamehe, tulilazimika kusema.

Watu waliondoka, familia moja moja, mpaka mji ukabaki mtupu na jina likasahaulika mahali pake. Mwaka 1842 ofisa mmoja wa majini wa Uingereza, Richard Hoskyn, alikuta jiwe lenye maandishi yanayotaja baraza na watu wa Kaunos. Ndipo ikajulikana: kumbe mji uliosomwa vitabuni ni huu. Kazi ya kufukua ilianza mwaka 1966 na Profesa Baki Öğün wa Uturuki.

Halafu mwaka 1996 wafukuaji walipata jiwe lililoandikwa kwa lugha mbili: Kigiriki, na Kikaria, yaani lugha ya wenyeji. Kikaria kilikuwa kimekufa na wataalamu walikuwa bado wanabishana jinsi ya kukisoma. Jiwe hilo liliwasaidia kuthibitisha herufi zake. Wakajua hata kwamba wenyeji waliuita mji wao Kbid. Kaunos ni jina la Wagiriki. Ni kama Kalemie ilivyokuwa ikiitwa Albertville na wakoloni.

Mwaka 1996! Wazazi wengi mnaosoma hapa, mwaka ule mlikuwa mnavuka ziwa usiku na watoto mgongoni. Mwaka huo huo, kule juu kwenye uzi wetu, watu walikuwa wanainua jiwe na kusoma tena jina la mji uliohamwa.

Ufukwe unaofungwa usiku

Tushuke sasa na mashua mpaka mwisho wa mto. Hapo kuna ufukwe uitwao İztuzu, mchanga mtupu wa kilomita 4 na nusu hivi. Upande mmoja ni bahari ya chumvi, upande wa pili ni maji ya mto. Watoto wanaweza kuoga pande zote mbili siku moja. Hakuna hoteli hata moja juu ya mchanga.

Sababu ni kasa, kobe wa baharini. Kila mwaka kuanzia mwezi wa 5 majike wanatoka majini usiku, wanapanda mchanga kwa taabu, wanachimba shimo kwa miguu ya nyuma, wanataga mayai kama 80 mpaka 100, wanafukia, wanarudi baharini. Hawamwoni mtoto hata mmoja. Baada ya miezi miwili hivi vifaranga wanatoka wenyewe. Mchanga ukiwa wa moto zaidi wanatoka majike, ukiwa wa baridi zaidi wanatoka madume. Usiku wanafuata mahali penye mwanga, maana bahari hung'aa kuliko nchi kavu. Kukiwa na taa za hoteli au mtu mwenye tochi wanapotea, wanaelekea barabarani, wanakufa.

Kwa hiyo wakati wa kutaga ufukwe unafungwa kwa binadamu kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 2 asubuhi. Mchana miavuli haisimamishwi sehemu ile ya mayai, na viota vinafunikwa kwa vizimba vya waya ili mbweha wasifukue. Kuna hospitali ya kasa pale pale ufukweni. Mwaka 2015 walimtibu kasa aliyekatwa taya na panga la injini ya boti. Wakamtengenezea taya la chuma kwa mashine, wakamfunga nalo.

Haya hayakuja yenyewe. Mwaka 1987 ujenzi wa hoteli kubwa ulikuwa umeanza hapo. Mama mmoja Mwingereza, June Haimoff, alikuwa akiishi kwenye kibanda ufukweni. Kibanda kama hicho kwa Kituruki kinaitwa baraka, ndiyo, kama mji wetu wa Baraka! Mama huyo, wenyeji wa pale na watu wa mazingira wa Uturuki na nje wakapiga kelele, wakaandika barua, wakaita magazeti. Ujenzi ukasimamishwa, na mwaka 1988 serikali ikatangaza eneo lote kuwa la kulindwa. Mama huyo alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 99. Kibanda chake watu bado wanaenda kukitazama.

Kasa jike akikua, baada ya miaka 25 au 30 hivi, anarudi kutaga pwani ile ile alikozaliwa au karibu yake. Amezunguka bahari miaka yote hiyo, lakini anajua kurudi. Wataalamu wanasema anasikia sumaku ya dunia.

Hapo msichana yule wa kidole akauliza: "Mwalimu, na sisi tuliozaliwa kambini, tutarudi wapi?" Tulimwambia ni swali zuri, tukaendelea na somo. Ukweli ni kwamba hatukuwa na jibu. Nasi wengi tumezaliwa hapa hapa.

Upande mwingine wa pwani hiyo

Tuliahidi macho wazi. Dalyan iko katika mkoa wa Muğla. Katika mkoa huo huo, karibu na mji wa Bodrum, tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 2015, mtoto Alan Kurdi alikutwa mchangani amekufa. Alikuwa mtoto mdogo kutoka Syria, familia yake ilipanda mpira wa kujaza upepo usiku kuvuka kwenda kisiwa cha Kos, Ugiriki. Mama yake na kaka yake walikufa pia. Maji yale ndiyo yale yale ya kwenye picha za watalii, ya buluu na yaliyotulia.

Na Uturuki yenyewe imebeba mzigo mkubwa. Tangu vita ya Syria ilipoanza mwaka 2011 ilipokea mamilioni ya Wasyria, na kwa miaka kadhaa kuanzia 2014 ndiyo ilikuwa nchi yenye wakimbizi wengi kuliko zote duniani. Kwa hiyo yeyote anayemwambia kijana kwamba pale ni mlango uko wazi, mnyooshee ile rula na umuulize maswali.

Jibu letu kwa mama

Mama, tumefikiri sana. Hatuwezi kusema watoto wasitamani. Mtoto asiyetamani chochote tunamwogopa zaidi. Tunachoweza kusema ni hiki: kijana anayedanganywa na dalali mara nyingi hajawahi kushika ramani. Anaambiwa "unavuka mto mdogo tu," na anaamini. Yule aliyepima kilomita 4,500 kwa mkono wake, aliyesoma habari ya Bodrum, bado anaweza kuondoka, lakini hataondoka kipofu.

Kuna la pili, na hili linatuuma sisi wenyewe. Tulipomaliza somo tuliwauliza watoto: nani anaweza kututembeza Uvira, Baraka, Fizi au Rumonge kama tulivyotembea Dalyan? Mto unapita wapi, mitumbwi inaegeshwa wapi, soko linanukia nini? Mikono haikuinuka. Walijua nani alimwua nani, walijua njia ya kukimbilia, walijua jina la meli. Wazazi wetu, mmetusimulia jinsi mlivyokimbia. Mlivyoishi kabla ya hapo hamjatusimulia vya kutosha. Labda inauma. Lakini mtoto anayejua kwao kama mahali pa risasi tu, lazima ataweka uzuri wote mbali, ng'ambo ya bahari. Na sisi walimu tuna kosa pia, maana tunafungua atlasi kila mwezi na hatujawahi kuweka kidole kwetu.

Kabla ya kupeleka ukurasa huu kuchapwa tulikwenda kumsomea mama yule, kwa sababu habari ni yake. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage. Akasema andikeni. Kisha akaongeza neno, nasi tunaliweka kama alivyolisema: "Waambieni vijana, kama wameamua kwenda, waage. Mama asijulishwe na majirani."

Kazi ya nyumbani

Mwezi huu kazi ni ya familia nzima. Mtoto amwombe mzee mmoja, awe wa nyumbani au jirani, amtembeze mji au kijiji chake kama mtalii: unafikaje, unaona nini kwanza, maji yako wapi, watu wanakula nini, kuna mahali gani pa zamani ambapo huruhusiwi kucheza, na pana majina mangapi. Chora ramani. Habari za vita ziache pembeni kwa mara hii, zina siku yake.

Kijana mmoja wa darasa la saba ametangulia. Bibi yake amemwambia kwamba ukisimama Baraka asubuhi unaiona rasi ya Ubwari ng'ambo ya ghuba, na usiku taa za wavuvi wa ndagala zinakuwa nyingi mpaka mtoto mdogo akiamka anadhani nyota zimeshuka kunywa maji. Bibi amesema hajalisema jambo hilo tangu avuke. Ramani ya kijana ina makosa, mto Mutambala ameuchora unapanda mlima, lakini tumeibandika ukutani hivyo hivyo.

Karatasi wekeni kwenye sanduku la chumba cha kusomea kabla ya mwisho wa mwezi. Asiye na karatasi atumie nyuma ya daftari la zamani, asiyejua kuandika aje Jumamosi baada ya mgao, tutamwandikia. Mwezi ujao hatutafumba macho kuweka kidole. Tutasafiri na ramani zenu.

Mbaki salama, na chandarua kikae kitandani.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.